Fundi kapaka rangi juu ya mbao halisi ya dashibodi yangu, halafu kabandika PICHA ya mbao

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika nikiwa nimechemka, kwa hiyo mnivumilie. Moderator ukiona neno limezidi lifute, ila uzi uuache, maana kuna watu muda huu wanajiandaa kupeleka magari yao wakafanyiwe upuuzi huu huu.

Gari ni Jaguar Mk 2, ile ya milango minne iliyotengenezwa kati ya 1959 na 1967. Wanaoifahamu wanajua kwamba uzuri wa ndani ya gari lile ni mbao. Mbele ya dereva kuna paneli ya mbao yenye spidomita na geji ya mizunguko ya injini, upande wa abiria kuna mfuniko wa droo, juu yake ubao mrefu unaopita chini ya kioo cha mbele, na milango yote minne ina mbao zake. Katikati tu ndipo kuna paneli nyeusi ya geji ndogo na swichi. Vipande hivyo vyote vimebandikwa vinia ya mjozi (mti wa walnut). Vinia ni ule utando mwembamba wa mbao ya thamani unaogundishwa juu ya mbao ya kawaida.

Nilichompelekea fundi hakikuwa kibovu. Kilichochoka ni vanishi. Ilikuwa imegeuka manjano, imejaa nyufa nyembamba kama nywele, na kwenye ule ubao wa juu ilianza kubanduka vipande. Kwa gari la umri ule hilo halishangazi. Mbao hunywa unyevu ikatanuka, ikikauka inasinyaa, na vanishi ya zamani ikishakuwa ngumu haiwezi tena kuifuata, ndipo inapopasuka. Ubao wa juu ndio unaoumia zaidi kwa sababu unapigwa jua la kioo cha mbele, na chini unapata hewa moto ya kuondoa ukungu. Lakini vinia yenyewe ilikuwa nzima. Haikuwa na tundu wala kona iliyobanduka.

Niliagiza kwa maandishi, na karatasi ninayo: toa vanishi ya zamani, rudisha rangi pale mjozi ulipopauka, weka vanishi mpya, vinia usiiguse.

Kwa wasiojua kazi hii, sababu ya kusisitiza "usiiguse" ni unene. Vinia za viwandani siku hizi zina kama milimita 0.6. Za zamani huwa nene kidogo, lakini mara nyingi hazifiki hata milimita 1. Kwa hiyo fundi makini hashiki msasa kwanza. Anapaka dawa ya kutolea vanishi, anasubiri ilainike, anaikwangua taratibu kwa kufuata mkondo wa nyuzi za mbao. Au anaipasha kwa kipulizio cha hewa moto, kwa tahadhari, asije akailegeza gundi iliyo chini. Msasa unakuja mwishoni, ule laini, kwa mkono, na kipande cha mbao bapa nyuma yake ili shinikizo liwe sawa. Mashine ya msasa haina nafasi hapo kabisa. Kwenye kingo na kuzunguka matundu ya geji, mashine ikipita kidogo tu, vinia imekwisha na unatazama gundi na plaiwudi.

Sasa huyu bwana alipitisha mashine.

Hakuniambia. Ningeambiwa ningekasirika, lakini tungekaa tukapanga. Vinia iliyotobolewa kwenye kona inaweza kutiwa kiraka na mtu anayejua kazi, akatafuta kipande chenye nyuzi zinazoelekeana na zilizopo, akakikata kwa kufuata mchirizi wa mbao ili kiungio kisionekane. Ni kazi ya uvumilivu, lakini hufanyika. Yeye akaamua kuficha. Alichofanya ni hiki, na someni polepole: alipiga paneli zote rangi ya khaki, rangi nzito isiyopenyeza mwanga, juu ya vinia halisi ya mjozi. Halafu akazitumbukiza kwenye beseni la maji lenye ile filamu ya picha. Baada ya hapo akamwaga kliya nene juu yake, yaani ile rangi ya mwisho isiyo na rangi, inayong'aa kama kioo.

Ile filamu mnaifahamu, ndiyo wanayotumia kupambia rimu na kava za simu. Picha inachapwa kwenye utando unaoyeyuka majini, inaelea, inapuliziwa dawa ya kulainisha wino, kisha kitu kinazamishwa na picha inakikumbatia. Kwa kipande cha plastiki sina ugomvi nayo. Lakini kuiweka juu ya mjozi ni kumvalisha mtu barakoa yenye picha ya uso wake mwenyewe.

Nilijuaje? Siku ya kuchukua gari liling'aa kweli, sikatai. Nikakaa upande wa abiria nikawa natazama mfuniko wa droo. Kuna kifundo kimoja cheusi chenye mkia uliopinda kushoto. Nikageuza macho kwa dereva, chini ya spidomita: kifundo kilekile, mkia uleule, umepinda kushoto vilevile. Nikaenda mlango wa nyuma, nikakikuta tena.

Mbao halisi haifanyi hivyo, wakuu. Vinia za gari la namna hii hukatwa kutoka gogo moja, karatasi baada ya karatasi, na karatasi mbili zinazofuatana zikifunguliwa kama kurasa unapata michoro inayotazamana, kushoto na kulia zikigeuziana uso. Hata hapo hazilingani asilimia mia, kwa sababu kila karatasi imetoka chini kidogo ya mwenzake. Kifundo kinachojirudia kwenye paneli tatu kikiwa kimeelekea upande mmoja kimechapwa na mashine. Zaidi ya hapo, mjozi wa kweli ukiutazama huku unasogeza kichwa, mwanga unacheza ndani yake, sehemu nyeusi inageuka ya dhahabu na ya dhahabu inageuka nyeusi. Picha haichezi, utaikuta vilevile hata ukiitazama umelala chini ya pedali.

Nilipomwuliza, jibu la kwanza lilikuwa "bosi, hiyo ndiyo teknolojia ya kisasa". La pili, "mbona inang'aa kuliko ilivyokuwa". La tatu, baada ya kumwonyesha vile vifundo vitatu, ni kwamba mbao ilikuwa imeoza na amenisaidia. Imeoza! Picha nilizopiga kabla ya kumkabidhi zinaonyesha vinia safi. Nikamwomba aniambie alitumia kliya gani na rangi gani chini, ili angalau atakayekuja kurekebisha ajue anapambana na nini. Akasema hiyo ni siri ya kazi. Siri ya kazi kwenye gari langu mwenyewe!

Na hayo ndiyo makubwa, madogo yapo pia. Kliya aliyomwaga ni nene kiasi kwamba matundu ya geji yamepungua. Badala ya kuyasafisha kwa uangalifu, alizisukuma geji kwa nguvu, na sasa kuzunguka spidomita kliya imemeguka kama kucha iliyovunjika. Ule ukanda wa maandishi chini ya swichi umefifia na kuwa na ukungu, dalili ya kawaida ya plastiki iliyofutwa kwa thina. Pete za kromu za geji amezipiga rangi ya fedha, mimi nikiwa sijamwambia aziguse.

Lililonichekesha kwa uchungu ni saa. Kwenye gari hili saa ya umeme imo ndani ya geji ya mizunguko, na geji hiyo imefungwa kwenye mbao. Mbao haipitishi umeme, kwa hiyo kila kitu kilichofungwa pale kinahitaji waya wake wa kurudisha umeme kwenye bodi. Alipofungua aliziacha baadhi ya waya hizo zikining'inia nyuma. Saa imekufa, taa za geji zinawaka zinapotaka. Mtu anayejiita mtaalamu wa dashibodi za mbao hajui kwamba mbao si chuma.

Hasara yenyewe sasa. Hata nikipata fundi hodari kesho, mjozi wangu wa asili kwenye paneli zilizopitiwa na mashine haurudi. Itabidi vinia mpya. Na vinia mpya haiwezi kuwekwa kwenye paneli moja tu, kwa sababu haitafanana na nyingine kwa rangi wala kwa nyuzi. Mjozi hupauka kadiri miaka inavyokwenda kwenye mwanga, wakati mpya huwa umekolea. Ukitaka gari lionekane kitu kimoja, unalazimika kutafuta karatasi za gogo moja kwa seti nzima, milango ikiwemo. Maana yake hata zile mbao ambazo huenda chini ya picha bado ni nzima, nazo ziko hatarini kwa sababu ya kona mbili tatu alizotoboa huyu bwana. Hapo ndipo ninaposhindwa kulala.

NAONGEZA: Naona majibu yameanza, nijibu machache kwa pamoja.

Aliyeandika kwamba ningepiga tu rangi nyeusi yakaisha: sawa mkuu, gari lako.

Anayesema filamu ni nafuu na inadumu kuliko vanishi: inadumu kwenye kitu kisichotikisika. Chini ya kliya hii kuna mbao inayotanuka na kusinyaa, juu yake kuna rangi, juu ya rangi kuna wino, juu ya wino kuna kliya ngumu. Gari lililoegeshwa juani dashibodi inaweza kupita nyuzijoto 70 za Selsiasi. Tabaka nne zenye tabia tofauti, wewe unadhani itakuwaje? Ukingoni mwa ubao wa juu nimeshaona kivimbe kidogo.

Aliyeuliza kama vipuri vya mtumba si rahisi zaidi: vinapatikana, lakini utapata mfuniko wa droo kutoka gari moja na paneli ya dereva kutoka jingine, rangi mbili, nyuzi mbili. Tunarudi palepale.

Na yule anayesema nimemchafulia fundi jina, soma tena uzi. Jina sijaliandika, gereji sijaitaja. Nimemwandikia barua nikitaka mambo matatu: orodha ya kila alichopaka, pete zangu za kromu zisafishwe na kurudishwa zilivyokuwa, na gharama ya vinia mpya iwe juu yake. Hajajibu. Akijibu nitaweka hapa majibu yake bila kuongeza chumvi.

Kwa mnaopanga kazi kama hii: kabla ya kukabidhi, piga picha kila paneli mbele na nyuma, kwa karibu, mwanga ukiwa wa ubavuni ili nyuzi zionekane. Mtake fundi ajaribu dawa yake kwanza sehemu isiyoonekana, ndani ya mfuniko wa droo kwa mfano, na uione kabla hajaendelea. Akishamaliza kutoa vanishi, kabla hajapaka chochote, nenda ukaitazame mbao ikiwa uchi. Hapo ndipo uharibifu unapojulikana. Akikataa usije siku hiyo, chukua vipande vyako uondoke.

Swali langu kwa wenye uzoefu, na hapa naomba majibu ya kazi, si ya kejeli. Kuna aliyewahi kuondoa kliya ya kisasa, ile ya kuchanganya na kigumu chake, juu ya vinia nyembamba bila kuimaliza vinia? Ninavyoelewa, kliya za aina hiyo haziyeyuki kwa thina ya kawaida, na dawa kali zinaweza kulegeza gundi ya chini kabla hazijalainisha kliya yenyewe. Hewa moto naiogopa kwa sababu hiyohiyo. Nina kipande cha mlango wa nyuma ambacho nadhani hakikutobolewa, hicho ndicho nitakachoanza nacho, upande unaojificha chini ya mpira. Niambieni nianze na nini.