Jumapili ya Matawi Sebuleni: gumzo la kikundi cha familia, Jumamosi tarehe 27 Machi 2021

Baba (Nakuru), saa 12:10 jioni
Wanangu, na wewe dada yangu uliye Kisumu, bila shaka nyote mlilisikia tangazo la Rais jana. Kwa sababu ya korona, ibada za ana kwa ana zimesimamishwa hapa Nakuru, pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, na kafyu yetu sasa inaanza saa mbili usiku. Kesho ni Jumapili ya Matawi. Nimezungumza na wazee watatu ambao nimetumika nao tangu kanisa letu likiwa la mabati, nasi tumekubaliana kwamba familia zetu nne zikutane sebuleni kwangu saa nne asubuhi, tufunge madirisha ili sauti isitoke nje, tuimbe, tusome Neno, na tumalize kabla ya adhuhuri. Nawaarifu mapema ili msilisikie jambo hili kwa watu.

Dada Mkubwa, saa 12:31 jioni
Baba, nimetoka zamu sasa hivi, na ujumbe wako nimeusoma mara mbili kabla ya kujibu kwa sababu najua umeuandika kwa uchungu. Familia nne hazipungui watu ishirini. Madirisha yakifungwa, hewa anayoitoa mmoja ndiyo watakayoivuta wengine wote kwa muda wa saa mbili. Kanisani angalau paa liko juu na milango huachwa wazi. Mimi kama muuguzi nakuambia kwa heshima kwamba ibada hiyo ya sebuleni ni ya hatari kuliko ile iliyokatazwa.

Mjomba (Njoro), saa 12:40 jioni
Mpwa wangu, Waraka kwa Waebrania unatuonya tusiache kukusanyika pamoja, na haukuweka sharti la kwamba tukusanyike wakati wa afya tu. Leo nimepita sokoni nikakuta watu wamebanana, na matatu niliyopanda ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Iweje ugonjwa uogope soko na matatu, kisha uwe hodari mbele ya madhabahu?

Dada Mkubwa, saa 12:58 jioni
Mjomba, kuhusu matatu nakubaliana nawe kabisa, wala sitaitetea, kwa maana gari lililojaa na kufungwa madirisha halitofautiani na sebule ya Baba. Soko ni jambo jingine kidogo, kwa kuwa mtu hununua sukuma wiki chini ya anga na kuondoka. Ibada ina mambo mawili ambayo soko halina: tunakaa pamoja kwa muda mrefu, tena tunaimba. Mwaka jana, tarehe 10 Machi, waimbaji 61 wa kwaya moja katika wilaya ya Skagit, jimbo la Washington huko Marekani, walifanya mazoezi kwa saa mbili na nusu, na mmoja wao alikuwa na dalili ambazo zilifanana na mafua ya kawaida. Waliohesabiwa kuwa wagonjwa walifika 53, yaani waliothibitishwa kwa vipimo pamoja na waliodhaniwa kuwa na ugonjwa huo, na wawili wakafariki. Hawakuwa watu wabaya, wala imani yao haikuwa pungufu. Walikuwa wakiimba, kama sisi tunavyopenda kuimba.

Baba, saa 1:20 usiku
Nimesoma. Sasa nisomeni na mimi.

Julai mwaka jana, makanisa yalipofunguliwa kwa waumini 100 na kwa saa moja tu, walioruhusiwa kuingia walikuwa wa umri wa miaka 13 hadi 58. Mimi nilikuwa na miaka 66. Kanisa ambalo nilibeba mawe ya msingi wake kwa mabega yangu nililitazama kutoka upande wa pili wa barabara, na kijana niliyemfundisha katekisimu alinijia na kipimajoto mkononi, akaniomba radhi huku macho yake yakiwa chini. Sikumlaumu. Mama yenu alikuja akanishika mkono tukarudi nyumbani. Tangu siku hiyo kila mtu amenieleza habari za hewa, za barakoa na za umbali wa mita moja unusu, nami nimeyaelewa yote, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza nilijisikiaje pale barabarani.

Dada Mkubwa, saa 1:34 usiku
Hatukukuuliza, Baba. Nisamehe.

Naomba nikueleze nami nilichokiona, si ili nikushinde kwa hoja. Rais jana alisema kwamba kati ya watu wanaopimwa, wanaopatikana na virusi wamepanda kutoka takriban asilimia 2 mwezi wa Januari hadi takriban 22 mwezi huu. Wodini kwetu takwimu hiyo ina sura za watu. Wiki hii nimemshikia mama mmoja simu sikioni ili mchungaji wake amwombee, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuingia, na mama yule alisema Amina kwa sauti ambayo oksijeni ilikuwa imeikausha. Mimi sidhani kwamba mwili ni muhimu kuliko roho. Ninachokiogopa ni wewe kukosa mtu wa kukushika mkono siku ambayo roho yako itakuwa inauhitaji zaidi.

Mama, saa 1:50 usiku
Mume wangu, mimi nilikuwepo pale barabarani na sijasahau. Lakini kuna jambo ambalo ninyi wazee hamkulizungumza. Mmewahesabu watu wa familia nne, na wajane wa kundi letu hamkuwahesabu. Kanisa linapotangaza kwamba ibada itarushwa mtandaoni, wenye simu za kabambe, zile ndogo zisizo na intaneti, hubaki gizani, na wengine wao hawajasikia maombi ya mtu mwingine tangu Jumapili iliyopita. Hawa hawatakuja sebuleni, na hata wakija, ndio watakaokuwa wa kwanza kuugua.

Shangazi (Kisumu), saa 2:05 usiku
Kaka, nimekuwa nikifuatilia nikiwa kimya. Kisumu haimo katika kaunti zile tano, kwa hiyo kesho mimi nitaingia kanisani na wewe hutaingia, na jambo hilo linanihuzunisha kuliko ninavyoweza kueleza. Safari yangu ya Pasaka kuja kwenu nayo imekufa, kwa kuwa kuingia huko hakuruhusiwi. Binti, habari ya ile kwaya imenishtua, maana Jumapili iliyopita waimbaji wetu walishusha barakoa hadi kidevuni ili sauti zitoke vizuri. Kesho nitamfuata kiongozi wao kabla ya ibada.

Kaka, sauti yako ya kusoma Maandiko naijua tangu utotoni. Kwa nini usiwasomee wajane hao kwa simu, mmoja baada ya mwingine? Nitatuma fedha za muda wa maongezi usiku huu.

Mjomba, saa 2:22 usiku
Shemeji, hilo ni jema, nami nitawachukua watatu wa upande wa Njoro. Ila mnijibu: na Meza ya Bwana siku ya Alhamisi Kuu? Mkate hauwezi kupitia kwenye simu.

Baba, saa 2:40 usiku
Hauwezi. Hilo nitamwuliza mchungaji, na hata akinijibu kwamba tungoje, bado litaniuma.

Nimewapigia wazee wenzangu. Wawili wamekubali kila mtu akae na nyumba yake. Wa tatu amesema nimekuwa mwoga, kisha akakata simu. Nitampigia tena alfajiri, kwa sababu yeye anaishi peke yake. Mama yenu amekata matawi ya mtende, nasi tutayafunga langoni ili wapita njia wayaone, kisha sisi wawili tutaimba uani chini ya mparachichi. Orodha ya wajane ina majina kumi na moja. Dada yangu, nipigie saa mbili asubuhi kabla hujaenda kanisani, nikusomee wewe kwanza.