Mrejesho: friji ya Hiace ya kulala haizimi tena usiku

Wakuu mrejesho kama nilivyoahidi. Kwa ambaye hakuona, niliuliza kwa nini friji ya volti 12 kwenye Hiace yangu ya zamani niliyoigeuza ya kulala porini inazima usiku wakati betri ni mpya na sola ipo juu ya paa, wengi wenu mkasema betri feki, mmoja tu ndo akasema pima kwanza.

Nimepima. Betri inasoma 12.6, kwenye plagi ya friji kompresa ikiwaka inashuka hadi 11.1, yaani volti moja na nusu inapotelea njiani! Waya aliopitisha mwenye gari wa zamani ni ule mwembamba wa 1.5mm halafu umezunguka gari zima, na ethi (waya wa hasi) kafunga kwenye bodi palipojaa kutu. Friji ikiona volti zimeshuka inajizima kulinda betri, kumbe betri iko freshi tu.

Nimevuta waya wa 6mm, chanya na hasi zote moja kwa moja mpaka betri, fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri (hii msiruke, waya ukipiga shoti bila fyuzi gari linawaka moto). Sasa upotevu hauzidi volti 0.3 na friji inaunguruma mpaka asubuhi, hata wife kaacha kejeli.

Paa bado linavuja pale kwenye kidirisha cha hewa. Silikoni ya zamani inabidi ikwanguliwe yote maana gundi mpya haishiki juu yake, na mvua hizi hazinipi nafasi, mwenye turubai la ziada Moro anishtue.