Kabureta nne zimegoma kutoka kwenye Honda ya zamani, msaada wakuu

Kijana_Isevya: Wakuu, habari za jioni. Nipo Tabora mjini. Kuna pikipiki Honda CB750 ya miaka ya 70 hapa nyumbani, imekaa bandani muda mrefu bila kuwashwa. Nataka nitoe kabureta nizisafishe, zimeng'ang'ania. Klempu zote nimelegeza, navuta mpaka viganja vinawaka moto, hakuna kitu. Raba zinazozishika zimekauka ngumu kama kwato. Nafikiria kuzipasha kwa moto wa gesi, au nizikate kabisa. Naomba ushauri wa haraka.

FundiKiloleni: Moto wa gesi weka mbali kabisa, mdogo wangu. Mle kwenye vikombe vya chini kuna petroli, na mvuke wake ukishika unaunguza banda zima. Mwaga kwanza. Kisha raba zipashe kwa drayer ya saluni, au zizungushie tambaa la maji ya moto mpaka zilegee. Pakaa maji ya sabuni kwenye maungio, usipake oili wala grisi.

ReliYaKati: Mimi nilikuwa na XL125 kule Kaliua, ile ina kabureta moja tu, unaitoa huku unapiga stori. Pikipiki za siku hizi hazina roho ile.

Mama_Asali: Haraka ya nini? Pikipiki iliyolala miaka yote hiyo haiwezi kusubiri wiki?

Kijana_Isevya: Kuna mtu anaitaka Jumamosi.

Mama_Asali: Anaitaka kwa maana ya kununua? Kadi ina jina la nani?

Kijana_Isevya: La mzee. Yuko Urambo shambani. Ila mzee mwenyewe hana habari nayo tena, na mteja wa Nzega ameshanipa kishika uchumba. Siwezi kumrudishia, nimeshalipia ada ya mdogo wangu.

Mama_Asali: Kumbe! Mwanangu, mali ya mzazi aliye hai unaiuzaje bila neno lake? Mpigie simu leo leo.

Kijana_Isevya: Shikamoo mama. Nitampigia ikishawaka, asikie inanguruma. Ada ilikuwa lazima.

Kigoma_Mwanga: Hii chai. CB750 Isevya, halafu mteja kutoka Nzega? Mtu amesoma habari za Honda mtandaoni akaja kutupotezea bando. Weka picha.

ReliYaKati: Na mimi nilianza kunusa tangawizi.

Kijana_Isevya: Simu yangu ni ya tochi, naandikia simu ya jirani na anaitaka. Ubavuni mwa kila kabureta pameandikwa KEIHIN. Raba ya kwanza upande wa mguu wa gia ina ufa mdogo chini, klempu yake imeacha alama ya kutu imezunguka kama pete. Nyuma kuna boksi jeusi la chujio la hewa, limezikaba kabureta, hazina pa kurudi.

FundiKiloleni: Huyu ameiona kwa macho. Na tatizo amelitaja mwenyewe: boksi. Kabureta zimebanwa katikati, mbele raba za injini, nyuma raba za boksi. Hata ukivuta mpaka asubuhi zitaenda wapi? Fungua boliti za boksi, lisukume nyuma. Shika zote nne kwa pamoja, maana zimeunganishwa kwenye bamba moja, uzichezeshe juu chini huku unavutia nyuma mpaka zichomoke kwenye injini. Baada ya hapo utazitolea ubavuni. Usipenyeze nondo wala bisibisi, ule mwili ni madini laini, ukivunja sikio moja umeua seti nzima. Raba usikate, utazipata wapi kabla ya Jumamosi?

Kijana_Isevya: Boliti za boksi sijazigusa. Fundi wa hapa mtaani alisema kukata ndiyo njia fupi na nimeshamwambia aje kesho asubuhi na kisu.

FundiKiloleni: Mwambie aje na spana.

Mama_Asali: Namba ya mzee unayo?

Kijana_Isevya: Ninayo, mama. Naomba nianze na boksi.