Riwaya za mahaba ya kale: mnatuuzia magauni, historia mmeitupa wapi?

Wakuu, salamu baadaye. Leo nina hasira na nazimwaga zote hapa. Mwenye kuvumilia asome, asiyeweza apite kimya kimya.

Nimetoka kusikiliza riwaya ya mahaba iliyotoka juzijuzi. Uingereza, 1812. Vita na Napoleon inaendelea, mfalme karukwa na akili, mwanawe anatawala kwa niaba yake. Binti wa mchungaji, fukara, kampenda kapteni aliye vitani Hispania. Nikasema leo nimepata. Dakika ya arobaini hivi binti anakaa mezani, anaandika barua, anaitia kwenye bahasha, kisha, sikilizeni vizuri, analamba stempu na kuibandika.

Stempu. 1812!

Stempu ya kwanza ya posta duniani ilianza kutumika Mei 1840, tena hukohuko Uingereza. Kabla ya hapo, mara nyingi aliyelipia barua ni yule anayeipokea, na bei ilipanda kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Bahasha yenyewe ilihesabiwa karatasi, ndiyo maana watu walikuwa wanaikunja barua yenyewe na kuiziba kwa lakiri. Wenye kubana matumizi waliujaza ukurasa, wakaugeuza ubavu, wakaandika tena juu ya mistari ileile, maneno yakipishana kama wavu, ilimradi isizidi karatasi moja.

Najua kuna watu watakuja mbio hapa: "Ni hadithi tu, stempu inakuuma nini?" Haya, ngoja niwaonyeshe inaniuma nini. Tarishi wa posta ameshika barua, yuko mlangoni, anataka hela. Binti anautambua mwandiko, au pengine hautambui, na hapo ndipo moyo unapomlipuka: barua inatoka jeshini lakini mwandiko si wa kapteni. Hela aliyonayo ni ya mishumaa ya wiki. Asipolipa, barua inaondoka. Akilipa, huenda analipia habari ya msiba. Hapo ukimwacha amesimama na mkono kwenye mfuko wa aproni kwa kurasa tatu, mimi silali! Mwandishi kapewa tukio hilo bure na historia, yeye kalibandika stempu akasonga mbele.

Hicho ndicho kinachonichemsha. Sikasiriki kwa sababu nimekamata kosa nijione mjuaji. Nakasirika kwa sababu kwenye hadithi ya mapenzi ya zamani, kikwazo ndicho hadithi. Ukikiondoa wanabaki watu wawili wazuri, wamevaa vizuri, wanatazamana. Hiyo ni picha ya ukutani, si riwaya.

Tuje kwenye kutorosha. Riwaya tatu mfululizo nimekutana na stelingi anamtorosha mchumba wake kutoka London kwenda Gretna Green, kijiji cha Uskoti. Mmoja kati ya hao waandishi kawatoa watu baada ya chakula cha usiku, wakafika kunakucha. Jamani! Kutoka London hadi Gretna ni zaidi ya kilomita 500. Gari la farasi kwenye barabara nzuri za wakati huo likienda kasi ni kilomita kumi na kitu kwa saa, na farasi wanabadilishwa kila baada ya mwendo mfupi, kila kituo na malipo yake. Hata kama hamlali, hamli, na gurudumu halivunjiki, hizo ni siku mbili, usiku na mchana.

Na kwa nini Gretna hasa? Kwa sababu sheria ya ndoa ya 1753 ilibana Uingereza na Wales: tangazo kanisani Jumapili tatu au kibali, na aliye chini ya miaka 21 mzazi wake ana nguvu ya kumzuia. Uskoti haikuguswa na sheria ile. Huko mlitamka mbele ya mashahidi kwamba mmeoana, basi, mmeoana. Gretna ikawa maarufu kwa sababu iko puani mwa mpaka. Sasa niambieni: msichana wa miaka 19 na mwanamume ambaye hajawahi kukaa naye peke yake hata robo saa, wamefungiwa kwenye kisanduku kinachoruka mashimo kwa siku mbili, baba mtu yuko nyuma yao hawajui kituo cha ngapi. Atakoroma? Atatapika? Atagundua kwamba jamaa akiwa na njaa ni mkali? Akitaka kurudi itakuwaje, na jina lake limeshaharibika tangu alipopanda? Penzi linapimwa humo garini. Wewe mwandishi umeandika: "Alfajiri walifika." Ulikuwa unawahi wapi?

Kuna mwingine kawaozesha kanisani saa sita za usiku, mishumaa mia, bila maelezo yoyote. Ndoa za kanisa zilifungwa asubuhi, kati ya saa mbili na saa sita mchana, isipokuwa mkiwa na kibali maalumu cha Askofu Mkuu wa Canterbury. Kukipata kibali kile peke yake ni sura nzima ya kuhangaika. Tumenyimwa.

Maduke, wale makabaila wa cheo cha juu kabisa, siwazungumzii sana, maana nitamaliza kibodi. Duke wasio wa ukoo wa kifalme walikuwa thelathini hivi, wengine wazee wenye jongo. Kwenye riwaya za mwaka mmoja tu nimeshakutana na wengi kuliko hao, wote wana umri wa miaka 28, wote vifua kama milango.

Ila hili la mali siliachi. Waandishi wa sasa wanataka msichana wao awe jasiri, ajitegemee. Sawa kabisa, mimi nampenda msichana jasiri. Lakini mwanamke wa 1816 anaolewa sura ya 30, na sura ya 31 anaendesha duka lake, hela zake benki, mume anampigia makofi. Mama, kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mwanamke akiolewa hela na vitu vyake vilikuwa vya mume. Mabadiliko ya maana yalianza 1870, na yakakaa sawa 1882. Ulikuwepo mlango mmoja: kabla ya ndoa, wanasheria wa pande mbili walikaa wakaandika hati, mali ya binti ikashikwa na wadhamini kwa faida yake. Kwa hiyo ukitaka duka lake libaki lake, mkalishe mezani siku tatu kabla ya harusi. Mpe kalamu stelingi anayesema anampenda, hati inayomnyima ile mali iko mbele yake. Atasaini? Atasita? Akisita kwa sekunde nne na binti akaziona zile sekunde? Mnatafuta busu la namna gani zaidi ya hilo?

Na talaka je! Mhusika wa 1820 anamwambia mumewe "nataka talaka" kama anayeomba chumvi. Kabla ya sheria ya 1857, talaka ya kukuruhusu kuoa au kuolewa tena ilihitaji Bunge lipitishe sheria kwa ajili yako wewe binafsi. Kwa zaidi ya karne moja na nusu zilipita mia tatu na kitu tu, na wake waliozipata unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kimoja kinabaki. Mwanamke aliyefungwa kwenye ndoa mbaya enzi zile hakuwa na neno "talaka" la kulitupa wakati wa ugomvi. Mnamdhalilisha kwa kumfanya aonekane hakuwa na akili ya kuondoka.

Haya, mahaba ya Vita vya Pili vya Dunia. Jalada mnalijua: mwanamke katupa mgongo, koti, sanduku mkononi, ndege angani. Hawa wanawake sura zao ziliondoka na nani?

Kuna moja ya jasusi wa kike aliyetumwa Ufaransa kuendesha redio. Anakaa dirishani jioni nzima "akiongea" na London, anamlilia mpenzi wake aliyeko kule. Wale waendesha redio waligonga alama za Morse, kwa msimbo, tena haraka, kwa sababu Wajerumani walikuwa na magari ya kusaka mahali mawimbi yanakotokea. Kuzidisha dakika hewani ni kuwaita Gestapo, polisi wa siri wa Kijerumani, waje kukukamata. Hapo napo hadithi ilikuwa imelala inasubiri kuamshwa: ana dakika chache, kila herufi ni hatari, na anataka kuongeza neno moja lisilo la kazi kwa mtu mmoja. Neno gani? Mwandishi kampa jioni nzima, kamwagia maneno mengi hata hakuna lenye thamani.

Na hili sasa sicheki. Kwenye kambi ya Wanazi ya Auschwitz waliuawa watu wapatao milioni 1.1, karibu milioni moja kati yao Wayahudi. Mimi sisemi watu hawakupendana mle, binadamu hupendana popote. Ila nimesoma moja ambayo kambi imekuwa pazia la nyuma, kama bustani ya duke, na mwishoni wanajeshi wa Kimarekani wanafungua geti, mmoja ana macho ya bluu. Auschwitz ilikombolewa na jeshi la Kisovyeti, Januari 27, 1945. Huyu mtu kaandika mahali pale bila kujua nani alifika. Nilikifunga kitabu, sijakifungua tena, na sitaki kubembelezwa.

Sasa vitabu vya sauti, ndiko nilikopigwa hela kabisa.

Ile ya stempu ilikuwa na nakala ya maandishi pia, baadaye nikaiazima kwa mtu. Kitabu kina maneno kama laki moja na elfu kumi. Msimulizi wa kawaida anasoma maneno elfu tisa hivi kwa saa, kwa hiyo ilipaswa iwe saa kumi na mbili. Yangu ilikuwa saa sita na dakika tano. Nikadhani anasoma haraka. Kumbe imefupishwa! Neno hilo lilikuwepo, chini kabisa ya maelezo, kwa maandishi madogo kama sisimizi. Na mnajua walichokata? Kuna sura nzima, kwenye kitabu cha maandishi ipo, binti anakaa miezi minne bila habari, anaenda barabarani kila siku gari la posta linapopita, siku moja anaona aibu anaanza kubeba kikapu ili aonekane ana safari. Kikapu kitupu. Ndiyo sura pekee nzuri kwenye kitabu kile, nasema ukweli nilisimama jikoni nikaisoma mara mbili. Ndiyo waliyoikata, "haina tukio". Niliwaandikia wauzaji, nikajibiwa wanashukuru kwa maoni yangu na nisisahau kuwapa nyota.

Nyingine imesomwa na mashine. Hawakusema, lakini sikio halidanganywi. Mfalme Henry VIII, yaani Henry wa Nane, kasomwa herufi mojamoja, vi, ai, ai, ai. "Viscount", cheo cha kikabaila, katamkwa na S yake yote, wakati wenyewe wanaimeza. Ukoo wa Beauchamp, ambao Waingereza wanauita Bichamu, kila sura ulikuja na jina jipya. Makosa ya matamshi nasamehe, maana hata binadamu wanayafanya. Kilichoniua ni pale anapoposa. Jamaa kauliza, na jibu likaja palepale, bila pumzi, kwa sauti ileile iliyotangaza namba ya sura. Mwanamke kakubali kuolewa kama anathibitisha miadi ya daktari wa meno.

Halafu wapo binadamu wanaodhani sauti ya kiume ni kukoroma. Dada, huna haja ya kuzamisha sauti hadi kisimani. Kuna msimulizi mmoja mwanamke, huyu nampa heshima zake, hageuzi sauti kabisa akifika kwa mwanamume. Anapunguza mwendo tu. Na kabla mwanamume hajajibu swali gumu, anameza mate, unasikia. Kwa kule kumeza mate peke yake nilimjua mtu yule kuliko stelingi wote wa vifua milango niliowataja.

Kwa hiyo wadau, nisiishie kulalamika tu, naombeni. Mwenye riwaya ambamo watu wanasafiri siku mbili na tunakaa nao siku mbili aitaje hapa. Mwenye riwaya ambamo barua inachelewa na mwandishi anaiacha ichelewe, aitaje. Isomwe na mtu anayepumua, na isiwe imefupishwa.

Na nyie wa "ni hadithi tu", sijaondoka, nawasubiri. Nina saa mbili na dakika kumi zimebaki kwenye nyingine niliyoanza jana. Ni duke. Ana miaka 28. Stempu zimeshalambwa mbili.