Familia ya Mzee Bakari: El Adde walikufa wangapi?

*Rashid:* Asalaam aleikum familia. Imetimia miaka 10 tangu Al-Shabaab waivamie kambi ya jeshi letu la Kenya kule El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016. Mpaka leo serikali haijawahi kusimama hadharani ikasema wanajeshi wetu waliokufa pale ni kadhaa. Linaniuma sana hili jambo

*Ami Omar:* Waaleikum salaam. Rashid mwanangu vita havielezwi hivo redioni. Ukitaja idadi unampa adui nguvu. Mimi nimevaa gwanda najua nnachosema

*Rashid:* Ami kwa heshima yako, adui ndo alikua ndani ya kambi. Yeye alihesabu kabla yetu na akatoa na video. Sasa tunamficha nani kama si mama wa yule askari

*Shangazi Mwana:* Mimi asubuhi ile nlikua kwa jirani, kijana wake alikua Somalia. Redio ikasema jeshi limetoa taarifa kambi iliyovamiwa ni ya wanajeshi wa Somalia, wetu wako hapo karibu wamejibu mashambulizi. Mama wa watu akashusha pumzi akaenda kubandika chai. Jioni picha zikaanza kuingia kwa simu, magari yetu yamechomwa, sare zetu zile zile. Mwanawe alikua kambi nyingine alhamdulillahi, lakini yule mama tangu hapo redio ikisema jambo la jeshi haliamini mpaka kijana apige mwenyewe

*Ami Omar:* Siku ya kwanza hata makamanda huwa hawana picha kamili Mwana

*Rashid:* Siku ya kwanza nakubali ami. Lakini tarehe 27 mwezi ule ule rais wetu wa wakati huo Uhuru alienda Eldoret pale Moi Barracks kwenye ibada ya kumbukumbu, Buhari wa Nigeria akaja, Hassan Sheikh wa Somalia akaja, marais watatu mbele ya wafiwa na idadi haikutajwa. Mwezi wa pili Hassan Sheikh akasema kwa TV ni 180 hadi 200, jeshi letu likakana. CNN nao wakahesabu wakapata si chini ya 141. Haya, mimi mwananchi nishike ya nani?

*Halima Lamu:* Nyinyi mwasema El Adde, sisi huku imani ilituisha Mpeketoni. Juni 2014, watu zaidi ya 60 wameuliwa, Al-Shabaab wenyewe wamesema ni sisi, rais akatoka kwa TV akasema hao si Al-Shabaab ni mitandao ya siasa ya hapa hapa. Basi watu wakaanza kuangaliana, wewe kabila gani, wewe dini gani, mtu na jirani yake wamekopeshana sukari miaka yote. Kisha kafyu, wavuvi wa usiku wakawa hawaendi baharini na watoto wanataka kula. Neno la rais si kama langu mimi na wewe, yeye akisema kitu polisi wanakifanyia kazi usiku huo huo

*Ami Omar:* Na ni kwa ajili yenu watu wa Lamu jeshi letu likaingia vitani Somalia 2011. Mmemsahau yule mama Mfaransa mgonjwa alobebwa Manda akaachwa bila kiti chake cha magurudumu? Na Muingereza alouliwa Kiwayu? Serikali ingekaa tu?

*Halima Lamu:* Hatujasahau ami, hoteli zilifungwa huku. Na mwaka ule wa 2011 watu waliunga mkono kwa moyo mmoja, mimi pia. Tuliambiwa Al-Shabaab watasukumwa mbali na mpaka. Kismayu ikachukuliwa 2012, tukafurahi. Lakini hakuna alotwambia tutakaa mpaka lini

*Shangazi Mwana:* Westgate, lile jengo la maduka Nairobi lililovamiwa 2013, watu 67 wamekufa, waziri wa usalama wa wakati huo Lenku akatwambia ule moshi ni magodoro yanachomwa. Tukaambiwa wavamizi ni 10 mpaka 15, baadae ikawa wanne. Mimi yale magodoro siyasahau

*Rashid:* Ami tazama Uganda. Mei 2023 kambi yao ya Bulo Marer kule Somalia ilivamiwa vile vile. Siku chache tu Museveni akatoka mwenyewe akasema tumepoteza 54, na maafisa wawili waliotoa amri ya kurudi nyuma watashtakiwa. Mimi Museveni simsifu kwa mengi lakini hapo alifanya linalotakikana. Na jeshi lake lilibaki Somalia baada ya hapo, halikuvunjika kwa kutaja namba. Sisi kwetu polisi walipopelekwa Haiti 2024 swali la kwanza hapa stejini lilikua, wakifa tutaambiwa? Watu hata hawakuuliza wanaenda kufanya nini

*Ami Omar:* Nimesoma yote. Kutoka Somalia mimi sikubali, mpaka ule ni mrefu na wale watu hawajaenda popote, tukiondoka leo wao wako Kiunga kesho. Hilo msinibadilishe. Lakini la Uganda sina jibu lake. Na askari akifa anastahili jina lake lisomwe mbele za watu, sisi wakati wetu mwenzetu akianguka kikosi kizima kinamjua, na hawa vijana wamekufa wakilinda bendera halafu nchi nzima inabahatisha, mara 141 mara 200, hilo hata mimi limenikaa vibaya miaka yote nikawa sisemi kwa sababu ya kiapo. Wataje idadi na majina

*Halima Lamu:* Ami kumbe

*Rashid:* Ahsante ami. Bunge lina kamati ya ulinzi, inaweza kumuita waziri wa ulinzi imuulize hili tu. Mbunge wetu akija kuomba kura 2027 mimi namuuliza yeye ameuliza?

*Shangazi Mwana:* Andika barua sasa hivi usingoje kura. Omar atakusaidia vyeo na majina ya vikosi

*Ami Omar:* Njoo baada ya isha. Uje na kalamu