Wadau mlioko Italia, huu mkate usio na chumvi mnaulaje?

Wakuu habari za jioni. Nina miezi miwili hapa Firenze, niko kimasomo. Chini ya ninapokaa kuna duka la mikate, alfajiri harufu inapanda mpaka chumbani usingizi wote unakata. Juzi nikashuka nikachukua ule mkubwa, wanapima kwa kilo, ganda gumu lina unga unga, ukiuminya unalia kra kra. Nimefika nikakata na chai yangu ya maziwa, hauna chumvi hata chembe! Nikajua mzee kapitiwa, kesho yake nikanunua tena, vile vile. Leo uliobaki umekuwa tofali. Nishaurini, au nirudi zangu kwenye slesi za supamaketi?

Boflo_la_Moto:
Hahaha mzee hajapitiwa, mkate wa Toscana, mkoa wenu huo wa Firenze, ndo ulivyo toka enzi na enzi. Kwani ugali kwenu mnatia chumvi? Si iko kwenye mboga! Wenyeji wanakula na prosciutto, ile nyama ya paja la nguruwe ya chumvi, mimi sili kitimoto kwahiyo nashushia jibini ya pecorino. Hapo kwenye chai ndo umekosea mlango.

mama_wawili:
Usitupe mdogo wangu, kiporo chake ndo kitamu. Choma kipande, kikiwa bado cha moto sugua kitunguu swaumu, utaona kinaisha chenyewe kwenye yale makwaruzo, halafu mwagia mafuta ya zeituni mapya ya Novemba, yale ya kijani yanayowasha koo, na chumvi kidogo. Hiyo ni fettunta. Baridi ikikolea upike ribollita, supu nzito ya maharage na ile sukuma yao nyeusi, mkate unazama humo humo. Na usiufunge kwenye nailoni, ganda litakuwa mpira.

Wa_Bari:
Poleni, hamieni huku kusini Puglia. Mkate wa Altamura una chumvi yake, unga wa semola, ngano ngumu kama ya tambi, ndani wa njano, unaumuliwa kwa chachu ya kukuza wenyewe, na ganda sheria inataka lisipungue milimita 3. Toka 2003 una DOP, jina linalindwa Ulaya nzima. Nanunua Jumamosi, Jumatano bado nakula.

Mtoa uzi:
Hiyo ya ugali imenimaliza 😂 Nimechoma viwili sasa hivi, aisee! Ila zeituni sikuwa nayo nimeweka alizeti.

mama_wawili:
Alizeti?? Firenze?? Shuka dukani sasa hivi kabla hawajafunga.