Tupeane uzoefu: paka wako ameshakuletea nini ndani?

Mpangaji wa Tandika
Wakuu, salaam. Wenye paka tukutane hapa. Nafuga jike mmoja wa madoadoa, namwita Bi Mkubwa kwa dharau zake. Nilimchukua kwa ajili ya panya wa darini, na kazi anaifanya kweli, ila kila jioni hesabu ananiletea mimi kama kondakta kwa tajiri wake. Leo panya, kesho mjusi kafiri, mvua zikianza ni vyura. Anapenya kwenye nondo za dirisha na ule mlio wa mdomo uliojaa, nikiusikia tu nawasha taa. Mara nyingi mzigo uko hai. Anauachia katikati ya chumba, unakimbilia nyuma ya friji, halafu anakaa ananiangalia mimi! Wenzangu mnaishi nao vipi?

Binti Mvita
Pole. Wangu ni dume, na huku Mji wa Kale paka hawana haya. Siku ya Idi, wageni wamejaa, mie naandaa sinia la kaimati, huyo aingia na njiwa. Wala si njiwa wa mwitu, ana pete mguuni, wa jirani! Manyoya mpaka kwenye shira. Mume wangu akaenda kumlipa mwenyewe, yakaisha. Lakini tangu siku hiyo njiwa wa yule bwana akichelewa kurudi, mlango ubishwao ni wangu.

Mkulima Mkuranga
Njiwa tu mnalia? Wangu alikuja na nyoka, mwembamba, mzima, akamwachia chini ya kochi. Watoto nje, mama watoto juu ya meza, mimi na jirani tunainua kochi na fimbo mkononi. Paka mwenyewe kapanda juu ya lile lile kochi anajilamba. Nyoka tulimtoa. Kesho yake nilifyeka majani yote kuzunguka nyumba, nikapigilia mpira wa tairi chini ya mlango.

Daktari wa Mifugo Moro
Nichangie kidogo, ndiyo kazi yangu. Paka mama huwafundisha watoto kuwinda kwa hatua. Kwanza huwaletea kilichokufa, baadaye kilicho hai ili wamalizie wenyewe. Ndiyo maana watu husema paka wako anakuona wewe ndiye mtoto usiyejua kuwinda. Mimi naona jambo ni jepesi zaidi: analeta mahali penye usalama ili ale kwa raha, akikuta bakuli lina dagaa anaghairi. Kumpiga hakusaidii, ataanza kuficha uvunguni na utajua kwa harufu. Wala msimshindishe njaa mkidhani ndipo atakamata panya zaidi. Aliyeshiba anawinda vilevile.

Kinachonitisha ni sumu. Zile zinazozuia damu kuganda haziui panya siku hiyo hiyo. Siku kadhaa anazubaa, anatembea mchana kweupe, na huyo ndiye rahisi kukamatwa. Nimewahi kuletewa paka ndani ya kikapu cha sokoni, fizi zimepauka, damu inamtoka puani, mwenyewe ananiapia hajala kitu kibaya, "panya tu". Alipona kwa vitamini K, sindano kwanza, kisha vidonge kwa wiki kadhaa. Akikuletea panya anayepepesuka, mnyang'anye. Kama ameshamla, mpeleke kwa daktari kabla hujaona damu.

Mpangaji wa Tandika
Daktari, hapa tuko wapangaji vyumba vyote, na sumu ya machinga kila mtu anayo. Nifanyeje?

Daktari wa Mifugo Moro
Ongea nao, waambie kuna paka na kuna watoto wanaotambaa. Wanunue mitego ya kubana. Na anayetega sumu aseme, maana nikijua ni aina gani natibu haraka.

Mama Kijacho
Nina mimba changa, mama mkwe anataka paka aondoke. Eti kwa kuwa anakula panya ataniharibia mimba.

Daktari wa Mifugo Moro
Mama mkwe ana hoja, ila paka abaki. Vimelea vya toksoplazima paka huvipata kwa kula panya na ndege, kisha huvitoa kwenye kinyesi. Huchukua siku 1 hadi 5 kabla havijaweza kuambukiza, kwa hiyo mchanga wake utupwe kila siku, na baba ndiye autupe. Wewe ivisha nyama, osha mboga, vaa glavu ukigusa udongo. Na kliniki waambie kwamba unafuga.

Shangazi Leicester
Huku milango ina kidirisha cha paka, anaingiza atakacho nikiwa kazini. Chuo Kikuu cha Exeter walifuatilia paka 355 kusini magharibi mwa Uingereza, matokeo yakatoka 2021. Waliolishwa chakula chenye nyama nyingi kisicho na nafaka walipunguza mawindo ya nyumbani kwa asilimia 36, na waliochezeshwa dakika 5 hadi 10 kila siku, asilimia 25. Kengele ya shingoni haikuleta tofauti ya maana, na ndiyo kila mtu anayokushauri! Hiyo nyama bei yake siiwezi, nikachukua mchezo: unyoya kwenye kamba kila jioni. Ndege wamepungua, panya wa bustanini bado wanakuja.

Msambaa
Kwetu Lushoto tauni ilizuka 1980 ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo panya aliyekufa hatumshiki kwa mkono. Mwili ukipoa viroboto wanahama kutafuta damu ya moto, na wa karibu ni wewe na paka. Mpulizie dawa ya wadudu, mchukue kwa koleo, mzike. Paka akipata homa na tezi za shingo zikavimba, usimkumbatie, wahi kwa daktari.

Jaluo wa Kisumu
Wangu hawindi kabisa. Huleta samaki wa kukaanga kutoka jikoni kwa jirani, mzima na bado wa moto. Hiyo kengele msinishauri, asije akasikika.